Kupima polarizesheni ya leza ya eksirei itokayo kwenye plazma: mwongozo kamili

Anayeuliza "leza hii imepolarishwa au haijapolarishwa?" hajamaliza swali. (Mwanga umepolarishwa pale mtetemo wake unapokuwa na mwelekeo maalumu.) Leza ya eksirei laini ya plazma (gesi yenye joto kali ya ayoni na elektroni) huanza na mwanga unaotoka wenyewe kwenye ayoni, bila mpangilio, kisha hukuzwa ikipita ndani ya safu ya plazma. Pigo hilohilo moja linaweza kuonekana halina polarizesheni ukilijumlisha lote, na likaonekana limepolarishwa sana ukitazama kipande chake chenye upana wa theluthi ya milimita. Majibu yote mawili ni sahihi. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kujenga kipimo kinachotofautisha hali hizo mbili, jinsi ya kukisahihisha, na jinsi ya kusoma namba bila kujidanganya.

Tunachukulia kwamba leza tayari inafanya kazi: iwe ya molibdeni yenye urefu wa wimbi wa nm (nanomita) 18.9, ya fedha ya nm 13.9, ya gesi ya kriptoni ya nm 32.8, au ya argoni ya nm 46.9 inayopatikana kwa kupitisha umeme kwenye mrija mwembamba. Mfano utakaotumika zaidi ni molibdeni, kwa sababu ndiyo inayopatikana kwa nishati ndogo ya kuchochea na hivyo ndiyo inayoweza kutoa mapigo mengi kwa siku.

Polarizesheni inatoka wapi

Mistari (urefu mahususi wa wimbi unaotolewa) yenye nguvu katika leza hizi ni ile inayotoka kwenye ngazi ya juu ya nishati ya J=0 kwenda ngazi ya chini ya J=1; J ni namba ya mzunguko wa ayoni, na M ni mwelekeo wa mzunguko huo. Ngazi ya J=0 ina hali moja tu, M=0, kwa hiyo haina upande inaoupendelea. Ngazi ya chini ina hali tatu: M = −1, 0 na +1. Ikiwa hali hizo tatu zina idadi sawa ya ayoni, ukuzaji ni uleule kwa mwanga unaotetema wima na unaotetema mlalo. Zikitofautiana, upande mmoja unakuzwa zaidi.

Kinachoweza kuzitofautisha ni mwanga wa eksirei unaomwaga ngazi ya chini kwenda hali ya msingi ya ayoni. Mwanga huo hunaswa na ayoni nyingine njiani. Plazma inapotanuka kwa kasi kutoka kwenye uso wa shabaha (metali inayopigwa na leza ya kuchochea), athari ya Doppler (urefu wa wimbi kubadilika kwa sababu ya mwendo) huusaidia kuponyoka kuelekea upande wa mtanuko, huku pande nyingine ukibaki umenaswa. Mnaso usio sawa pande zote huzijaza hali za M bila usawa. Migongano ya elektroni hufanya kinyume: inazichanganya na kurudisha usawa. Ndiyo maana plazma nzito na plazma nyepesi za elementi ileile si lazima zitoe jibu moja.

Tofauti ndogo ya ukuzaji haibaki ndogo. Chukua ukuzaji jumla (kizigeu cha ukuzaji mara urefu wa plazma) wa 14. Upande mmoja ukizidi mwingine kwa 1% tu, uwiano wa nguvu mwishoni ni e^0.14, yaani 1.15, na kiwango cha polarizesheni ni karibu 7%. Ukizidi kwa 5%, uwiano ni 2.01 na kiwango kinafika 34%. Kwa hiyo kipimo cha polarizesheni ni darubini kali ya kutazama hali za M, kuliko vipimo vingi vinavyosifiwa zaidi.

Chanzo cha pili hakihusiani na ayoni hata kidogo: ni bahati nasibu ya mwanzo. Mwanga wa mwanzo una sehemu ya wima na sehemu ya mlalo zisizojuana. Zote zinakuzwa kwa e^14 au zaidi, na katika kila kipande cha mwanga chenye mshikamano mmoja (ambamo mawimbi yanakwenda kwa hatua moja), mojawapo itakuwa imeizidi nyenzake kwa bahati tu. Pigo linalofuata, mshindi atabadilika. Wengi huitupa tofauti hiyo wakiita kosa la kipimo. Siyo kosa. Ni sifa ya leza yenyewe, na ina hesabu yake.

Hesabu ya kufanya kabla ya kugusa kifaa

Tuite W nguvu ya sehemu ya wima, na L ya mlalo. Kiwango tunachopima ni

P = (W − L) / (W + L)

kikienda kutoka −1 hadi +1. Tuite M idadi ya vipande huru vya mshikamano vilivyojumlishwa na kigunduzi, kwa muda na kwa eneo. (M hii isichanganywe na M ya ngazi hapo juu, bahati mbaya herufi ni moja na desturi haibadiliki.) Ikiwa plazma haipendelei upande wowote, wastani wa P katika mapigo mengi ni sifuri, lakini mtawanyiko wake, yaani mkengeuko sanifu, ni

σ = 1 / √(2M + 1)

Kwa M=1 unapata 0.58. Kwa M=5, 0.30. Kwa M=10, 0.22. Kwa M=100, 0.07. Kumbuka kuwa kwa M=1 mwanga huwa umepolarishwa kikamilifu kila pigo; P inatawanyika kwa sababu mwelekeo wenyewe unahamahama, wakati mwingine mstari, wakati mwingine duaradufu.

Sasa kadiria M ya leza yako. Kwa muda: muda wa mshikamano ni takriban λ²/(c·Δλ), ambapo λ ni urefu wa wimbi, c kasi ya mwanga na Δλ upana wa mstari. Mstari wa nm 18.9 wenye upana wa pikomita 0.5 unatoa pikosekunde 2.4. Pigo la pikosekunde 6 lina basi vipande 2.5 hivi. Kwa eneo: ukubwa wa doa moja la mshikamano kwenye kigunduzi ni urefu wa wimbi mara umbali, ugawanye kwa ukubwa wa chanzo. Chanzo cha mikromita 30 kikitazamwa kwa mita 2 kinatoa doa la mm 1.26. Mwali unaotawanyika kwa miliradiani 5 una upana wa mm 10 hapo, kwa hiyo unabeba madoa takriban 63.

Ukijumlisha mwali wote, M ni karibu 157 na mtawanyiko wa P ni 0.056 tu: utasema haijapolarishwa. Ukikata dirisha la pikseli 22 kwa 22 (pikseli za mikromita 13.5, yaani mm 0.3), uko ndani ya doa moja, M inashuka hadi 2.5 na mtawanyiko unakuwa 0.41. Leza ni ileile.

Leza ya argoni ya mrija ni habari nyingine: pigo lake ni la zaidi ya nanosekunde moja, vipande vya muda ni mamia, na hata doa moja litaonekana halina polarizesheni kwa bahati. Hapo ukiona P mbali na sifuri, tafuta sababu katika plazma au katika vioo vyako.

Vifaa

Katika eksirei laini hakuna karatasi ya polaraiza wala fuwele ya kugawa mwanga. Kipinda-mwanga cha kila kitu kiko karibu sana na 1, kwa hiyo pembe ya Brewster (ambapo mwanga wa mtetemo mmoja hauakisiwi) iko karibu na nyuzi 45 kwa kila kitu (chini yake kidogo, maana kipinda-mwanga kiko chini ya 1). Kioo cha tabaka nyingi kilichotengenezwa kwa nyuzi 45 ndicho polaraiza yako. Pembe zote hapa zinahesabiwa kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya uso wa kioo.

Unene wa jozi moja ya tabaka ni λ/(2 cos 45°): nm 9.8 kwa fedha ya 13.9, nm 13.4 kwa molibdeni ya 18.9, nm 23.2 kwa kriptoni ya 32.8. Namba hizi huongezwa kidogo ili kufidia kupinda kwa mwanga ndani ya tabaka. Mtengenezaji atafanya hivyo ukimpa urefu wa wimbi na pembe, usimpe unene. Kwa 13.9 na 18.9 tumia molibdeni na silikoni. Kwa 32.8 magnesi na silikoni-kabidi ni chaguo zuri. Kwa 46.9 ni skandi na silikoni. Kioo kizuri cha molibdeni na silikoni karibu na nm 13 huakisi zaidi ya nusu ya mwanga wenye mtetemo unaofaa, na chini ya asilimia moja ya ule mwingine.

Pamoja na vioo unahitaji:

- Utando mwembamba wenye tabaka nyingi wa kugawa mwali kwa nyuzi 45. Utando huu huakisi sehemu moja na kupitisha nyingine.
- Kioo kimoja kizima cha tabaka nyingi cha nyuzi 45.
- Kamera mbili za CCD (kihisi cha kidijitali) zinazopigwa mwanga kutoka nyuma, zenye kipoza.
- Vichujio: alumini kwa kila kitu kilicho juu ya nm 17.1, zirkoni kwa nm 13.9. Unene wa mikromita 0.2 hadi 0.3.
- Meza inayozunguka inayoweza kubeba chumba chote cha kipimo kuzunguka mhimili wa mwali, au angalau kuzungusha vioo na kamera kwa nyuzi 45 na 90.
- Nyuzi za chuma zilizopishana kama msalaba, zenye unene wa mikromita 50 hadi 100, kwenye njia ya pamoja kabla ya utando.

Watu hujaribu kuokoa fedha kwa kioo kimoja na kamera moja: wanapima mapigo kadhaa wima, wanazungusha, wanapima mengine mlalo. Njia hiyo inatoa wastani tu, na wastani wenyewe unaharibiwa na leza inayopanda na kushuka nguvu kila pigo. Polarizesheni ya pigo mojamoja haipatikani kabisa. Kama bajeti ni ndogo, afadhali punguza kingine chochote kuliko kamera ya pili.

Nusu ya mwali kwenda kioo hiki na nusu kwenda kile nayo si suluhisho. Nusu ya kushoto na nusu ya kulia zina madoa tofauti, na utakuwa unalinganisha watu wawili wasiofahamiana.

Kupanga kifaa

Utando unaugeuza ili uakisi mwali kwa upande, sambamba na sakafu. Katika hali hiyo unaakisi karibu W peke yake. Huo ni mkondo wa kwanza, kamera A. Unaopita utando una L nyingi na W kiasi. Mwali huo unapigwa na kioo kizima kinachouakisi kwenda juu (au chini), ambacho kwa mwelekeo huo kinaakisi L na kuikataa W. Huo ni mkondo wa pili, kamera B. Kwa njia hii kila kamera inaona sehemu moja karibu safi, na zote mbili zinatoka kwenye pigo moja na eneo moja la mwali.

Umbali kutoka chanzo hadi kamera A na hadi B uwe sawa. Tofauti ya mm 10 katika mita 2 hubadilisha ukuzaji wa picha kwa 0.5%, na pembeni mwa mwali wa mm 10 hiyo ni pikseli mbili hivi. Kwa madoa makubwa si kitu, kwa madoa madogo inaanza kuumiza.

1. Panga leza nyekundu ya kawaida kwenye njia ya mwali wa eksirei. Usisahau kwamba mwali wa eksirei hauchomozi sambamba kabisa na uso wa shabaha: mteremko wa elektroni unaupinda nje kwa miliradiani kadhaa. Miliradiani 5 kwa mm 500 ni mm 2.5. Pima mkengeuko huo kwanza kwa kamera iliyo wazi, kisha usogeze leza nyekundu ifuate njia halisi.

2. Weka utando, uzungushe mpaka leza nyekundu irudi ilikotoka. Hiyo ndiyo sifuri yako. Andika namba ya meza inayozunguka, kisha zungusha nyuzi 45 kwa kusoma meza, si kwa kukisia kwa kimstatili cha karatasi. Fanya vivyo hivyo kwa kioo kizima.

3. Hakikisha pembe iko ndani ya nyuzi 1. Kukosea kwa Δ huvujisha sehemu isiyotakiwa kwa takriban sin²(2Δ): nyuzi 2 huvujisha 0.5%, nyuzi 5 huvujisha 3%. Uvujaji unaweza kusahihishwa kwa hesabu. Kisichosahihishwa ni kioo kutoka nje ya urefu wake wa wimbi: kwa nyuzi 45, kila nyuzi moja husogeza kilele kwa 1.75%, ambayo ni nm 0.24 kwa mstari wa 13.9. Nyuzi 3 zinatosha kukuacha na picha hafifu na lawama kwa leza isiyo na kosa.

4. Weka vichujio mbele ya kila kamera. Viangalie dhidi ya taa kali kabla ya kuvifunga. Kitundu kimoja kinapitisha mwanga wa kawaida wa plazma wa kutosha kuchora doa la uongo.

5. Vuta ombwe. Chini ya milibari 10⁻⁴ eksirei inasafiri vizuri. Kwa kamera subiri 10⁻⁵ kabla ya kuipoza. Ukipoza mapema, maji na mafuta vitaganda juu ya kigunduzi na unyeti utashuka bila wewe kujua. Mwisho wa kazi, pasha kamera kwanza, hewa baadaye.

6. Piga pigo moja ukiwa na msalaba wa nyuzi njiani. Kivuli chake kitatokea kwenye picha zote mbili. Picha ya A imegeuzwa kushoto-kulia, ya B imegeuzwa juu-chini. Zirudishe kwenye mwelekeo mmoja, kisha zioanishe kwa kivuli. Usioanishe kwa kutumia madoa yenyewe. Madoa ya W na ya L kwa kawaida hayafanani, na programu ya kuoanisha itakubali kwa furaha mahali pasipo sahihi.

Chochote kilichopo kati ya plazma na utando kinaweza kubadilisha polarizesheni. Kioo cha kuparuza, ambacho mwali unakigusa ukiwa chini ya nyuzi 10 kutoka kwenye uso wake, kinaakisi W na L karibu sawa. Kioo kinachopigwa karibu wima pia kiko salama. Kioo cha kukunja njia kwa nyuzi 45 kinaua upande mmoja kabla hujaanza, na vichanuzi vya mwanga vyenye mistari navyo havina huruma. Njia ikiwa lazima ikunjwe, ikunje kwa kuparuza mara mbili.

Kusahihisha

Kila kamera inaona mchanganyiko:

A = a₁W + a₂L
B = b₁W + b₂L

Kwa mfano wa hesabu tu: utando unaakisi 0.20 ya W na 0.002 ya L, unapitisha 0.15 ya W na 0.35 ya L; kioo kizima kinaakisi 0.55 ya L na 0.005 ya W. Hapo a₁ = 0.20, a₂ = 0.002, b₁ = 0.00075, b₂ = 0.1925. Dirisha likitoa A = 1000 na B = 1300, unapata W = 4933, L = 6734, na P = −0.154. Ungelinganisha A na B moja kwa moja ungesema −0.13. Tofauti si kubwa hapa kwa sababu vioo vya mfano vina nguvu zinazokaribiana. Kwa kifaa kingine inaweza kugeuza alama.

Tatizo ni kwamba namba za mtengenezaji hazibaki za kweli. Plazma inarusha chembe za chuma, na chembe hizo zinapaka utando kwanza, kwa kuwa uko mbele. Kwa hiyo uwiano kati ya mikondo miwili upimwe palepale, kwa leza yenyewe, hivi: piga mapigo kadhaa kifaa kikiwa nyuzi 0, uchukue q₀ = jumla ya A zote gawanya kwa jumla ya B zote. Zungusha kifaa kizima nyuzi 90, upate q₉₀. Uwiano wa mikondo ni √(q₀·q₉₀), na uwiano wa kweli wa W kwa L ni √(q₀/q₉₀). Ukipata 0.86 na 1.21, uwiano wa mikondo ni 1.02 na W/L ni 0.843, yaani P ya wastani ni −0.085.

Tumia jumla kwa jumla. Usichukue wastani wa A/B ya kila pigo. Wastani huo una upendeleo: hata mwanga usio na polarizesheni kabisa hutoa M/(M−1) badala ya 1, ambayo kwa M=5 ni 1.25. Polarizesheni za wastani zinazodaiwa kwa njia hiyo ni zao la hesabu, si la plazma.

Kabla ya kutangaza −0.085, rudi kwenye mtawanyiko. Kwa M=5 na mapigo 40 kwa jumla, kosa la wastani ni 0.302/√40 = 0.048. Hiyo −0.085 haijafika hata makosa mawili kutoka sifuri. Ongeza mapigo au jumlisha eneo kubwa zaidi, maana kwa kutafuta wastani M kubwa ni rafiki. Kwa kutafuta bahati nasibu ya kila pigo, M ndogo ndiyo inayotakiwa. Data ni ileile, madirisha tofauti.

Kupima na kusoma picha

Kabla ya kila mfululizo, piga picha za giza za kamera zote mbili kwa muda uleule wa kufungua. Kisha pima mandharinyuma ya plazma: fupisha mstari wa kuchochea hadi theluthi hivi ya urefu wake, leza itazimika lakini mng'ao wa kawaida utabaki. Toa mandharinyuma kwa kila kamera peke yake. Mng'ao huo nao unapita kwenye vioo vinavyochagua mtetemo, kwa hiyo hauko sawa kwenye A na B.

Kwa nm 18.9 fotoni moja ina elektronivolti 65.6, na silikoni hutoa elektroni moja kwa kila elektronivolti 3.65: elektroni 18 kwa fotoni. Pikseli inayobeba elektroni 100,000 hujaa kwa fotoni 5,500 hivi. Lenga theluthi moja ya hapo kwenye doa kali zaidi. Pikseli iliyojaa kwenye A wakati B iko sawa husukuma P kuelekea sifuri, na hufanya hivyo hasa kwenye mapigo yanayovutia zaidi. Upande wa chini, fotoni 1,000 kwa dirisha zinatosha kushusha kelele ya kuhesabu hadi 3%.

Rekodi mapigo yasiyopungua 50 kwa nyuzi 0, 50 kwa 90 na 50 kwa 45. Mfululizo wa nyuzi 45 hurukwa mara nyingi, nao ndio unaojibu swali la msingi. Ikiwa polarizesheni ni ya bahati, mtawanyiko wa P ni uleule kwa pembe zote na wastani ni sifuri kote. Ikiwa plazma inapendelea upande, upande huo lazima uheshimu umbo la shabaha: wastani utaonekana kwa nyuzi 0 na 90 kwa alama zinazopingana, na kwa 45 utatoweka. Wastani usio sifuri kwenye nyuzi 45 hauna mahali pa kutokea katika plazma bapa iliyopangwa sawa. Tafuta kioo kilichopinda, utando uliolegea au kioo cha kukunja njia kilichosahaulika.

Halafu tazama picha za A na B bega kwa bega. Madoa yakiwa tofauti kabisa, sehemu mbili zimekua kila moja kivyake, kama inavyotarajiwa. Madoa yakifanana, kwa kawaida ni moja ya mambo mawili: mwali una mtetemo mmoja mahali pote ulioinama kati ya wima na mlalo, au kuna uvujaji mkubwa kati ya mikondo. Zungusha nyuzi 45. Mtetemo mmoja wa kweli utazima kamera moja. Uvujaji hautazima chochote.

Mistari isiyobadilika kutoka pigo hadi pigo kwenye A ni makunyanzi ya utando, si madoa. Madoa ya kweli hupangika upya kila pigo. Wastani wa picha zote 50 za A utayafuta madoa na kuyaacha makunyanzi wazi. Gawanya kila picha kwa wastani huo kama yanasumbua.

Mtawanyiko uliopima ukiwa mdogo kuliko hesabu, kwa kawaida dirisha ni kubwa kuliko doa au pigo ni refu kuliko ulivyodhani. Punguza dirisha hatua kwa hatua. Mtawanyiko σ utapanda kisha utatulia. Thamani inapotulia inakupa M ya muda, na kwa hiyo uwiano wa urefu wa pigo na muda wa mshikamano, bila kamera ya kasi. Hilo ni zawadi ya kipimo hiki ambayo wachache huichukua. Mtawanyiko ukizidi 0.58, kitu kimeharibika: mandharinyuma imetolewa kupita kiasi, au dirisha halina mwanga.

Kuhusu leza iliyofika kikomo cha ukuzaji: ngazi ya J=0 ni moja, na W na L zote zinachota hapohapo. Zinaanza kunyang'anyana. Kwa hiyo pima kwa angalau urefu wa plazma aina mbili, mmoja chini ya kikomo na mmoja juu yake, na usichanganye data zake katika grafu moja.

Ukitaka kuiamua polarizesheni badala ya kuipima

Kuna njia mbili zilizothibitishwa. Ya zamani ni kuweka kioo cha nyuzi 45 kati ya mpito wa kwanza na wa pili wa ukuzaji. Mwaka 1995 mwali uliopolarishwa namna hii ulikuzwa katika plazma ya germani, kwenye mistari ya nm 23.2 na 23.6. Gharama yake ni nusu ya mwanga wa mwanzo na hasara ya kioo, lakini ukuzaji wa pili hufidia.

Njia bora zaidi leo ni kupanda mbegu: hamoniki ya leza ya kawaida (mwanga wenye masafa yaliyozidishwa kwa namba nzima), iliyotengenezwa ndani ya gesi, inaingizwa kwenye plazma wakati ukuzaji uko kileleni. Hili lilionyeshwa mwaka 2004 kwenye kriptoni ya nm 32.8 nchini Ufaransa, kwa kutumia hamoniki ya 25. Mbegu ina mtetemo wa mstari, na mwali unaotoka unaurithi. Mwaka 2015, kwenye kriptoni hiyohiyo, mbegu iliyogeuzwa kuwa ya duara kabla ya kuingia plazma ilitoa leza ya eksirei ya polarizesheni ya duara.

Kifaa cha humu kinapima tofauti ya W na L tu, na kwa kukizungusha nyuzi 45 kinapima mwelekeo wa mstari. Mwali wa duara kamili utatoa P sifuri kwa pembe zote, sawasawa na mwanga usio na polarizesheni. Ili kuutambua, weka mbele ya utando mfululizo wa vioo vinne vya metali vinavyochelewesha sehemu moja ya mtetemo kwa robo ya wimbi. Vioo hivyo viwe kwenye bamba moja linalozunguka pamoja, na mhimili wake ukae nyuzi 45 kutoka wima. Mwali wa duara ukipita hapo unatoka ukiwa mstari, na kamera moja inazima. Pima kwanza ni kiasi gani cha W na L vioo hivyo vinne vinapitisha kila kimoja, kwa kutumia mbegu peke yake bila plazma, kwa sababu havipitishi sawa na hasara hiyo itajifanya polarizesheni.